Siku za vikope Longido: shajara ya timu ya utafiti kwenye maboma

Siku ya 1. Arusha

Gari linapakiwa jioni. Asubuhi kila mtu ana haraka, na katika haraka hiyo ndipo vichomeo vya kidole husahaulika mezani. Timu ni watu sita: mpima macho, mwandishi, muuguzi wa swabu na damu, mkalimani wa Kimaa, mratibu na dereva. Kazi yenyewe ni ziara ya awali ya jaribio la kugawa azithromycin dhidi ya trakoma, ugonjwa wa macho ambao wengi tunauita vikope. Vijiji ni vinne na watoto wanaotarajiwa ni 240, wa umri wa mwaka 1 hadi 9. Hakuna kijiji kitakachotajwa kwa jina hapa, na sababu itaonekana siku ya 11.

Makaratasi kwanza. Kibali cha maadili kinatoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na huhuishwa kila mwaka. Kwa kuwa hili ni jaribio la dawa, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nayo lazima iidhinishe. Mtafiti wa kigeni akiwemo, kuna kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Halafu barua zinashuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, kata, kijiji. Beba nakala kumi zenye muhuri, maana kila meza itabaki na yake.

Katika mizigo, kinachohesabiwa vibaya mara nyingi ni glovu. Kila mtoto anahitaji jozi mbili, moja ya swabu na nyingine ya damu. Watoto 240 ni glovu 960, yaani maboksi kumi ya 100. Wanaobeba matano wamesahau kwamba boksi la 100 ni jozi 50 tu. Glovu zikianza kupungua mtu huanza kubana, anapima watoto wawili kwa jozi moja, na hapo vimelea vya mtoto wa kwanza vinaonekana kwenye swabu ya wa pili.

Siku ya 2. Longido mjini

Kilomita 80 hivi za lami, barabara ya Namanga. Ofisi ya Mkurugenzi, ya Mganga Mkuu wa Wilaya, ya mratibu wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji. Mihuri yote imepatikana kabla ya saa 9 alasiri.

Baada ya hapo tunakwenda kwa laigwanani, kiongozi wa jadi wa Wamasai, ambaye hana muhuri. Mtendaji ndiye anayesaini, laigwanani ndiye anayesikilizwa, na timu inayomwendea wa pili baada ya kazi kuanza hukuta maboma matupu. Salamu inachukua muda wake. Mratibu haelezi utafiti hadi aulizwe, na anaulizwa baada ya chai.

Jioni, itifaki inasomwa upya kwa jicho la mahali hapa. Utafiti mwingi wa trakoma wa Tanzania ulifanyika Kongwa, Dodoma, tangu miaka ya 1980, kwa wakulima na wafugaji wenye vijiji vilivyotulia. Taratibu zilizozaliwa huko zinadhani kwamba nyumba haihami, baba mmoja ana kaya moja, na mtoto yupo nyumbani mchana. Kwenye boma dhana zote tatu zinaanguka, na karibu kila kosa la siku zinazofuata linatoka hapo.

Siku ya 3. Mkutano chini ya mgunga

Saa 4 asubuhi, ng'ombe wakishatoka. Wazee wamekaa mbele na fimbo zao, wanawake pembeni. Kwa hiyo kuna mkutano wa pili wa wanawake peke yao, saa moja baadaye, kwa sababu wao ndio watakaompakata mtoto wakati kope inageuzwa, na mbele ya wakwe zao hawatauliza chochote.

Fomu ya ridhaa ilitafsiriwa kwa Kimaa na mtu mmoja, ikarudishwa kwa Kiswahili na mwingine ambaye hakuiona ya mwanzo, kisha mbili zikalinganishwa. Panapopotea mara nyingi ni kwenye tofauti ya utafiti na matibabu. Watu wakiona koti jeupe wanasikia tiba. Ndiyo maana sentensi ya kwanza ya mratibu inapaswa kuwa ile ngumu: vijiji viwili vitapata dawa sasa, viwili vitasubiri miezi sita, na wanaochagua si sisi wala mwenyekiti, ni kura. Ikiachwa mwisho inasikika kama hila.

Halafu damu. Neno mumiani halikuishia pwani, na mtu anayebeba damu ya watoto kwenye sanduku lililofungwa analisikia nyuma yake. Dawa yake ni kufungua sanduku. Karatasi ya kichujio inazungushwa mkono kwa mkono: ni duara dogo lenye masikio sita, na kila sikio linanywa maikrolita 10. Jumla ni maikrolita 60, tone moja au mawili ya dawa ya macho. Muuguzi anajichoma kidole chake mbele ya wazee na kujaza masikio yote. Baada ya hapo maswali yanageuka kuwa ya maana: itapelekwa wapi, itakaa muda gani, nani mwingine ataitumia.

Ruhusa ya kijiji si ridhaa ya mtoto. Mzazi anaulizwa mlangoni kwake, na mtoto wa miaka 7 na zaidi anaulizwa mwenyewe. Mtoto mdogo akijikunja na kuvuta uso, hilo ni jibu pia. Asiyesoma anaweka dole gumba, na shahidi asiye wa timu anasaini pembeni. Mkalimani wetu hafai kuwa shahidi, ingawa ndiye aliye karibu. Baba akiwa ronjo, kambi ya muda ya malisho, na mifugo, mama ana haki ya kusaini, lakini wapo wanaotaka neno la mume kwanza. Simu inapigwa kwa spika, shahidi akisikia. Mtandao usipokuwepo, fomu inaandikwa "anasubiri". Mwandishi mvivu ataandika "amekataa", na baadaye ripoti itasema Wamasai wanakataa utafiti.

Zawadi ya sabuni na sukari inatangazwa hadharani na inafika kila nyumba iliyotembelewa, hata iliyokataa. Ikiwa ya waliokubali tu, umenunua damu.

Siku ya 4. Orodha ya nyumba

Hakuna mtoto aliyeguswa leo, na ni siku ngumu kuliko zote.

Mwenyekiti wa kitongoji anatoa orodha ya kaya: majina 40, yote ya wanaume. Ukiyafuata hadi kwenye maboma unakuta nyumba zaidi ya mia. Mzee mmoja ana wake watatu, kila mke ana nyumba yake aliyoijenga mwenyewe, na kila nyumba ina chungu chake. Ufafanuzi unaotumika kwenye tafiti za trakoma ni kwamba kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kwa ufafanuzi huo mzee yule ni kaya tatu. Anayechagua sampuli kwa majina ya wanaume anampa mtoto wa mwenye mke mmoja na mtoto wa mwenye wake watano nafasi zisizolingana, na hakuna hesabu ya ofisini itakayolirekebisha hilo.

Uchafu huo huo unaingia kwenye ugawaji. Ugawaji wa dawa kwa watu wote unalenga kufikia angalau asilimia 80 ya wakazi wote, na wakazi wakihesabiwa pungufu, vijiji vinaripoti asilimia 110. Ofisini wanacheka. Ila aliye na 110 kwa karatasi anaweza kuwa na 60 kwa kweli.

Kwa hiyo timu inazunguka na wazee wawili na mama mmoja. Kwenye boma moja wanaweza kuishi wanaume kadhaa, kila mmoja na lango lake kwenye ua wa miiba. Swali la kwanza ni "lango hili la nani?", na nyumba zinaandikwa kufuata malango. Namba za chaki hazishiki kwenye ukuta wa samadi, na zikishika zinafunikwa ukuta unaposiribwa upya. Kadi ya plastiki iliyofungwa mlangoni inageuka kichezeo kabla ya jua kuzama. Kilichofanya kazi ni kadi ndogo anayopewa mama aiweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, hiyo hapotezi.

Mchana ramani inachorwa mchangani kwa kijiti: korongo, kisima, shule, maboma kwa kokoto. Kijiji kinakatwa vipande vya nyumba 30 hivi, ambazo timu moja inaweza kuzimaliza kwa siku, na kipande kimoja kinaokotwa kwa kura. Wazee wanaangalia kokoto zao kwa makini kuliko tulivyotarajia na kusogeza mbili. Walikuwa sahihi.

Siku ya 5. Boma la kwanza

Kufika ni saa 12 na nusu asubuhi, akina mama wakimaliza kukamua. Ifikapo saa 2 wavulana wa miaka sita, saba, wametoka na mbuzi, na hawaonekani tena hadi jioni.

Watoto wanasogea na kuinamisha vichwa. Mpima anagusa kila utosi, kwa kuwa hiyo ndiyo salamu ya mtoto kwa mkubwa hapa, na anayeiruka ili kuokoa dakika tano atazilipa kwa vilio.

Ndani ya nyumba kuna giza na moshi, hivyo upimaji unafanyika nje, jua likiwa nyuma ya bega la mpima. Mdogo analazwa katikati: mama na mpima wamekaa magoti kwa magoti, mwili wa mtoto mapajani mwa mama, kichwa mapajani mwa mpima. Lenzi za kichwani zinakuza mara 2.5. Jicho la kulia huanza. Kwanza kope zenyewe, kama upo unywele unaogusa mboni. Kisha mtoto anaambiwa aangalie chini, kidole gumba na cha shahada vinashika kope za juu, kijiti cha pamba kinabonyeza kidogo kwenye mkunjo wa juu, na kope inageuka. Ndani kunaonekana utando mwekundu. Kinachotafutwa ni vijipele vya mviringo, vyeupe au vya kijivu, katikati ya utando: vitano au zaidi, kila kimoja kisipungue nusu milimita, ndipo inaandikwa TF, alama ya trakoma ya vijipele. Vinne si TF, hata jicho likiwa jekundu namna gani. Vile vya pembeni kwenye kona havihesabiwi. Mpima mgeni hukosea hapo, na ndiyo sababu hakuna anayekuja huku kabla ya kulinganishwa na mkufunzi kwenye watoto 50 na kufikisha kapa, kipimo cha kukubaliana kwao, ya 0.7.

Kati ya mtoto na mtoto mikono inapakwa jeli ya spiriti na kuachwa ikauke kabisa. Ikiwa mbichi, spiriti inaingia jichoni, mtoto anapiga yowe, na watoto kumi waliokuwa kwenye mstari wanatawanyika hadi zizini.

Swabu inafuata baada ya alama kuandikwa, kamwe si kabla. Inapitishwa kwenye utando mara tatu, ikizungushwa theluthi moja kila mara, kisha inaingia kwenye kichupa kikavu na kichupa kwenye kibebeo cha baridi. Kwa watoto wachache waliochaguliwa, swabu ya pili inapungwa hewani karibu na jicho bila kuligusa. Hiyo ikitoka maabara na klamidia, bakteria wa trakoma, tatizo ni mikono yetu.

Damu: ubavu wa kidole cha kati, tone la kwanza linafutwa. Sikio la karatasi linaguswa kwenye tone hadi damu itokee upande wa pili. Usikamue kidole, maji ya nyama yanachanganyika na damu na kuizimua. Karatasi zinaning'inizwa usiku kucha kivulini, chini ya neti. Neti si ya mbu. Nzi wanakula damu mbichi kwenye karatasi, na sikio lililoliwa halina kipimo.

Nzi hao wanastahili neno. Anayependa macho ni Musca sorbens, na mazalia anayoyapenda zaidi ni kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, siyo cha shimoni. Samadi ya ng'ombe inalaumiwa mno kwenye mabango ya afya. Mama anayeambiwa tatizo ni ng'ombe wake anajua kuwa aliyesema hivyo si wa kwao, na anaacha kusikiliza kabla ya kufika kwenye choo na maji ya kunawa uso.

Watu wazima, miaka 15 na kuendelea, wanaangaliwa kope zilizoingia ndani. Bibi mmoja ana macho safi, hakuna unywele unaogusa. Mpima anatazama tena mstari wa kope: visiki vifupi. Shingoni amevaa koleo dogo pamoja na shanga. Anazing'oa mwenyewe, na zinapoota tena anang'oa tena. Huyo anahesabiwa kuwa mgonjwa na anaandikiwa rufaa ya upasuaji. Kiwango kinachotakiwa ni chini ya asilimia 0.2 ya watu wazima, na mabibi wawili watatu wenye koleo wakikosekana kwenye hesabu, wilaya inaonekana imefuzu.

Ifikapo saa 7 simu ya mwandishi imezima kwa joto. Inawekwa kivulini, si kwenye kibebeo cha swabu kama mtu alivyopendekeza.

Siku ya 6. Matope

Mvua usiku. Udongo mweusi wa mbuga umelishika gari hadi ekseli kwa saa tatu. Kijiji cha pili kiliangukia siku ya mnada pia, kosa la mratibu ambaye angeuliza tu. Watu wazima hawapo. Tunarudi saa 11 jioni kuwasubiri wavulana wa mbuzi. Kwa tochi, wavulana tisa. Hao wasingepimwa, kijiji hiki kingekuwa na wasichana na wanyonyao peke yao.

Siku ya 10. Kura na dawa

Siku ya 7 hadi ya 9 zilikwenda kwenye maboma ya vijiji vilivyobaki, kwa taratibu zile zile.

Kura inapigwa leo, baada ya kupima kwisha. Ingepigwa mapema, mpima angejua kijiji kipi kinapata dawa, na jicho linalojua huona linachotaka. Vikaratasi vinne kwenye kofia, mbele ya wawakilishi wa vijiji vyote. Msichana wa darasa la sita anaokota.

Dozi ni miligramu 20 kwa kila kilo, isizidi gramu 1, lakini mizani haibebwi. Fito yenye alama inapima urefu na kusoma dozi moja kwa moja. Chupa ya unga ya miligramu 1,200 ikiongezwa maji inatoa mililita 30, hivyo mtoto wa kilo 12 anapata mililita 6. Aliye chini ya sentimita 120 hapewi kidonge, anapewa maji ya dawa, akiwa amekaa wima na ametulia. Mtoto anayelia habanwi pua wala hamiminiwi. Kuna waliokwisha kufa kwa kupaliwa. Anaachwa, anarudiwa baada ya nusu saa. Walio chini ya miezi sita wanapewa mafuta ya macho ya tetracycline asilimia 1, mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Mtu mzima anameza vidonge vinne vya miligramu 250 mbele ya mgawaji. Kichefuchefu, tumbo na kuharisha vinaelezwa kabla, na tukio kubwa lolote linamfikia mdhamini wa jaribio ndani ya saa 24.

Swali liliulizwa: watoto wa vijiji vya kusubiri waliokutwa na vikope, waachwe? Kila aliyekutwa navyo, wa kijiji chochote, alipewa mafuta ya macho papo hapo siku ya kupimwa, kabla ya kura, kama itifaki inavyosema. Wapo wanaolalamika kwamba hilo linapunguza tofauti kati ya makundi. Linapunguza kidogo. Jaribio linalohitaji mtoto aliyeonekana mgonjwa aachwe hivyo hivyo lilipangwa vibaya tangu mezani.

Siku ya 11. Kwenda Moshi

Karatasi zimekauka, zimeingia kwenye mifuko ya zipu na vipakiti vya silika, namba tu bila majina. Swabu zinaingia kwenye friza ya maabara, nyuzi 20 chini ya sifuri. Orodha inayounganisha namba na jina inasafiri kwenye gari lingine.

Fomu zinasema sampuli ni za trakoma, na zikitakiwa kwa jambo jingine wazee na wazazi wataulizwa upya. Sentensi hiyo ina historia. Huko Arizona, Marekani, Wahavasupai, watu wa asili wa huko, walitoa damu kuanzia 1990 wakijua ni ya kisukari. Baadaye ikatumika kuchunguza skizofrenia, kuzaliana kwa ndugu na asili ya uhamiaji wao. Shauri lilimalizika 2010 kwa dola 700,000 kwa watu 41, na damu ikarudishwa. Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti mwaka 2017. Hapa kwetu swali hilo hilo liliulizwa siku ya 3, chini ya mgunga.

Kuhusu majina ya vijiji: simu iliandika koordineti ya kila mlango. Tarakimu nne baada ya nukta ni kama mita 11, yaani nyumba ya mtu. Ramani ya namna hiyo ikichapishwa, mnunuzi wa mifugo, mwanasiasa na jirani wote watajua boma lipi lina macho mabovu. Kwenye ripoti inabaki wilaya.

Siku ya 193. Kurudi

Mkutano ni chini ya mgunga ule ule, kabla ya kupima tena. Majibu ya ziara ya kwanza yanasomwa kwa kijiji, kwa kokoto: mia moja kwenye shuka, kisha zile za TF zinatengwa upande. Asilimia 5 ndiyo mstari. Kati ya 5 na 9.9 ni mzunguko mmoja wa dawa, 10 hadi 29.9 mitatu ya kila mwaka, 30 na zaidi angalau mitano. Mzee mmoja anahesabu kokoto zilizotengwa, anauliza mbona maji ya kuoshea nyuso hayamo kwenye sanduku la dawa. Mratibu anaandika swali hilo kwenye kumbukumbu zinazokwenda kwa Mkurugenzi, nakala kwa laigwanani.

Boma la kwanza halipo. Limebaki duara la miiba na samadi iliyokauka. Majani yaliisha, wamesogea upande wa mlima, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki. Mama anatoa kadi ya kliniki kwenye mfuko wa ngozi, na kadi yetu imo ndani yake. Namba ya mlango inabaki ile ile. Koordineti mpya inaandikwa chini ya ya zamani bila kuifuta, na mwandishi anauliza tena, kama siku ya 4, wangapi wanakula chungu hiki.